Bibi Harusi Amepimwa Akiwa Hai

Dada yangu Ajiambo,

Bibi Harusi yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za Mama, za Baba na zangu. Hata ulipokuwa unarudi kutoka safarini ulipitiliza bwawani na mfuko ungali begani, na Mama alibaki mlangoni akisema, "Katika nyumba hii sisi tunasalimiwa baada ya samaki."

Nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani tunaongea Lusamia, lakini Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya ng'ambo, ile tuliyoivaa tukikaribia mpaka kama mtu anavyovaa viatu akikaribia kanisa. Ulikuwa unanicheka njiani. "Wewe Taaka unaongea kama redio," ulisema. Bado naongea kama redio. Mwalimu wetu wa Kiswahili, anayevuka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya, anasema niendelee hivyo hivyo, kwamba lugha iliyonyooka haimzuii mtu kucheka.

Kitanda chetu kimekuwa kikubwa kupita kiasi. Bado nalala upande wa ukutani. Mto wako Mama ameuweka kabatini, na shuka lako la maua nimelitandika mimi, sikumwomba mtu ruhusa. Asubuhi ile nilikuita uamke tukanywe chai, nikadhani unanitania, maana ulikuwa hodari wa kujifanya umelala. Nikakugusa mguu. Siendelei hapo. Unajua mwenyewe, au hujui, na kama hujui ni afadhali.

Watu waliokuja kulia waliambiwa ni malaria. Baba alisema malaria, Mama akasema malaria, na katekista alipoomba alimwomba Mungu atulinde na mbu. Watu wa kijijini kwetu Masaba waliitikia amina kwa nguvu, kwa sababu mbu ni wengi kweli. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa wako. Hata sisi ndani hatukulitaja. Tulisema "kichwa". Ajiambo ana kichwa. Ajiambo amekwenda kuchukua dawa ya kichwa. Majirani walidhani una kichwa kinachouma kama cha mtu mwingine yeyote.

Nakumbuka safari zile za dawa kuliko ninavyokumbuka Krismasi. Tulipanda boda boda mpaka Busia, mji wetu wa mpakani, halafu tukavuka kwa miguu tukiwa na kikapu kitupu, tuonekane tunakwenda sokoni. Uliikataa kabisa zahanati ya upande wetu wa Uganda. Ulisema ukiomba dawa ile kwenye dirisha la huku, kabla hujafika nyumbani habari itakuwa imekutangulia na kukaa kwenye kiti. Kule ng'ambo hakuna aliyetujua. Na yule nesi mnene aliyekuwa anakuhesabia vidonge, unamkumbuka? Siku moja alikuuliza tunatoka wapi. Ukasema, "Hapa karibu tu." Akacheka, akasema, "Nyinyi wa huko mnakuja huku kujificha, na wa huku wanakwenda huko kujificha. Siku moja mtagongana pale katikati mkiwa na vidonge mkononi." Ulicheka sana. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye benchi. Lakini tulipotoka nje ulinishika mkono, ukaniuliza, "Taaka, unadhani ni kweli kuna mwingine?" Nilikuwa mdogo, nikakujibu sijui.

Sasa nikueleze ya Bibi Harusi, kwa sababu alikaribia kufa.

Baada ya kukuzika, yule mchuuzi wa Kenya anayenunua kambare kwa Baba alikuja na ndoo zake, akainama juu ya bwawa, akainuka. "Mzee Wandera, hizo samaki zenu zinanuka hospitali," alisema. "Kule kwetu watu wanasema maji yenu yanatoka vyoo vya mjini. Mimi sipeleki." Akaondoka na ndoo tupu zikigongana kwenye baiskeli. Kijito kinachojaza mabwawa yetu kinapita kweli upande wa chini wa yale mabwawa makubwa ambako mji unasafishia majitaka yake, lakini ni mbali, na sisi tulizoea kusema maji yakitembea sana yanajisafisha yenyewe.

Wenye mabwawa walikutana kwetu. Walikubaliana kwamba samaki mmoja apelekwe akapasuliwe, asagwe, apimwe. Na kwa kuwa waliambiwa samaki aliyeishi muda mrefu ndiye aliyekunywa maji mengi, macho yote yakaelekea kwetu. Hakuna kambare mzee kama Bibi Harusi kuanzia hapa mpaka barabarani. Baba hakubisha. Alisema tu, "Ni samaki. Hata yeye siku moja angeliwa."

Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, nikakaa kwenye kinu. Niliwaza ulivyomlea tangu akiwa mdogo kama kidole, ulivyomtenga asimezwe na wenzake, ulivyompa lile jina kwa sababu alikuwa hatoki mpaka abembelezwe. Mama alipokuuliza kwa nini jina lile ulisema, "Angalau mmoja katika nyumba hii ataitwa bibi harusi." Ulilisema kwa kucheka. Mama hakucheka, alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Ndipo akaja Madam Athieno. Yeye ni Mjapadhola wa Nagongera, anasomea maji na samaki chuo kikuu, na mwalimu wetu wa sayansi alimwalika azungumze darasani. Ni mwembamba, anavaa gambuti za kijani, vile viatu virefu vya mpira, hata akiwa ubaoni. Alituambia anapima dawa na uchafu ndani ya samaki wa mito inayopita upande wa chini wa miji. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimepanga swali refu lakini nilisema hivi tu: "Ni lazima afe?"

Akaniangalia. "Nani?"

"Samaki."

"Kwani nani amekwambia afe? Mimi wangu narudisha majini," alisema. "Aliyekufa atanijibu mara moja tu. Aliye hai nitamuuliza leo, nimuulize tena mwezi ujao."

Dada, sikusikia kitu kingine chochote kipindi kile. Kengele ilipolia nilimfuata mpaka kwenye pikipiki yake, nikamweleza yote, mchuuzi, mkutano, na wewe pia nilikutaja, kwamba ni samaki wa dada yangu aliyefariki. Alichukua namba ya Baba. Jioni alimpigia, nami nilikuwa nimekaa karibu nikimenya viazi. Nilimsikia Baba akisema, "Ndiyo, Madam. Umpime. Tutamwandaa." Nikamshukuru Mungu na viazi vikiwa mkononi.

Lakini unalijua neno hilo la kupima lilivyo hapa kwetu. Shuleni kupima ni damu, ni homa, ni urefu wa meza. Bwawani kwa Baba kupima ni jambo moja tu, mizani. Na samaki hafiki kwenye mizani akiwa anapiga mkia.

Siku ya pili nilitoka shuleni nikikimbia. Nilipofika niliwakuta Baba, Mama na Mama Barasa, yule jirani yetu mwenye maneno mengi anayelima muhogo ng'ambo ya njia. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye mti wa jikoni. Kwenye sahani ya mizani alikuwa amelala kambare mkubwa, ameoshwa, ametolewa matumbo, anang'aa. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani. Alijivuna kidogo. Alikuwa ameandaa, kama alivyoahidi.

Nilisogea nikainama kuangalia ndevu zake, kwa kuwa Bibi Harusi ana udevu mmoja uliokatika nusu. Nikahesabu ndevu kwa kidole. Zote zilikuwa nzima.

"Si yeye," nilisema.

"Yako nilimtafuta toka asubuhi, akaingia kwa matope, akakataa," Baba alisema. "Nikaona Madam anakuja, nikachukua hii. Hii nayo ni kubwa."

Madam Athieno akafika na gambuti zake, na kasha la barafu limefungwa nyuma ya pikipiki. Alisalimia, akaangalia mizani, akamwangalia Baba, akaangalia mizani tena. "Mzee, pole sana," alisema taratibu. "Mimi nilitaka aliye hai."

"Aliye hai utampimaje?" Baba akauliza. "Atatulia hapa juu?"

Mama Barasa aliachia kicheko chake chote. "Banange, jamani Wandera," alisema, "wewe umepeleka mgonjwa hospitali akiwa tayari mchuzi." Hata Mama alicheka, dada. Alifunika uso kwa leso lakini mabega yalimtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka, na nilitamani sana ungekuwepo uyaone mabega yale.

Madam hakumwaibisha Baba. Alisema samaki yule atafaa pia. Alikata kipande cha nyama, akakifunga, akakiweka kwenye barafu. Alisema majibu ya aliyekufa atayaweka kando ya majibu ya aliye hai, aone kama wanasema jambo moja. Kisha akaniambia, "Sasa niletee huyo bibi harusi wako."

Nilikuwa sijui kama nitaweza. Tangu ulipofariki alikuwa hamjii mtu. Baba alikuwa akimwaga chakula na kuondoka, naye hupanda juu kula usiku sisi tukiwa hatuoni. Nilivua viatu, nikapiga magoti pale kwenye jiwe ulilokuwa ukikalia ukimlisha, nikaingiza mkono wenye pumba ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, nikakaa kimya. Maji yalikuwa ya rangi ya chai. Nilihisi kwanza ndevu, zile ndevu laini zikipapasa vidole vyangu kimoja baada ya kingine, kama kipofu anayetafuta ni nani. Alinipapasa muda mrefu. Nadhani alijua si wewe. Lakini hakuondoka. Baba aliingiza wavu taratibu chini yake, na tukamtoa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Madam alikuwa na beseni mbili za maji. Kwenye ya kwanza alitia mafuta ya karafuu matone machache, akakoroga. Harufu ya pilau ikajaa uani. Mama Barasa akauliza, "Sasa huyu anapimwa au anaungwa?" Madam akacheka, akasema mafuta yale yanamlaza samaki usingizi asisikie maumivu. Tukamtia Bibi Harusi. Alizunguka, akapunguza mwendo, akalegea, akageuka ubavu. Nilimshika mimi. Madam alinionyesha nimshike kwa viganja vyote viwili, nisimbane, nimfunike macho kwa kitambaa kilicholowa. Matamvua yake ya kupumulia yalikuwa yakifunguka na kujifunga chini ya vidole vyangu, polepole, polepole, na niligundua kwamba na mimi nilikuwa napumua hivyo hivyo.

Madam alichukua sindano nyembamba, akaipitisha kwenye nyama ya mgongo, karibu na pezi. Ndani ya sindano mlikuwa na uzi. Aliivuta sindano, akauacha uzi. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na ncha yake ilitokeza nje kidogo tu, usingeiona bila kuonyeshwa.

"Basi," alisema. "Sasa tunangoja."

"Unanyonya damu?" Baba akauliza.

"Haunyonyi damu, Mzee, wala hauchukui nyama. Umepakwa kitu ambacho dawa inakipenda. Unakaa tu pale ndani, na kilichomo mwilini kinaufuata chenyewe." Akafikiri. "Mtu akikaa jikoni na sweta, akitoka nje si utamnusa moshi? Hukumkata mtu. Umenusa sweta, umejua jikoni kulikuwa na nini. Huu uzi ni sweta."

Baba alikaa chini kwenye nyasi na shati lake la kanisani. Mimi nilikuwa nimemshika samaki wako, na ndani ya samaki mlikuwa na uzi, na ndani ya uzi, kimya kimya, mji mzima ulikuwa unaingia. Nilifikiria mifereji yote ya mji, vyoo vya hoteli, mabomba ya zahanati, watu wanaonawa uso asubuhi wasijue maji yao yanakwenda wapi. Yote yanashuka, yanapita chini ya barabara, yanapita kwenye mafunjo, yanafika kwetu. Na kiumbe huyu ameyapokea yote bila kulalamika. Niliogopa, lakini haikuwa ile hofu ya giza. Ilikuwa kama ile inayokujia kanisani watu wote wanaponyamaza kwa wakati mmoja.

Madam alipoona muda umetosha aliuvuta uzi kwa koleo ndogo, akaufuta, akauzamisha kwenye kichupa chembamba, akakifunga na kukilaza kwenye barafu. Mgongoni pa Bibi Harusi palibaki alama ndogo kama ya mbu. Tukamhamishia kwenye beseni ya maji safi. Alilala pale. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Haamki."

Dada, siwezi kukueleza ilivyokuwa kuisikia sentensi ile kutoka kwa Mama.

Madam alimshika kichwa, akawa anamsogeza mbele na nyuma, maji yapite kwenye matamvua. Mbele na nyuma. Kisha udevu mmoja ukatikisika, ule uliokatika. Kisha mwingine. Kisha mkia ukajikunja, ukafyatuka, ukammwagia Baba maji kifuani. Baba hakujifuta. Alisema, "Kumbe unaweza kumuuliza kitu na usimuue." Alisema kwa Lusamia, na hakuwa anamwambia mtu yeyote.

Tulimrudisha bwawani siku ile ile. Madam alituambia tusiuze samaki wala tusile mpaka arudi na majibu kutoka kwenye mashine ya chuo. Baba alikubali. Yule mwingine wa mizani alimfukia kwenye migomba, na shati lake la kanisani likaoshwa mara nyingi na bado linanuka kambare. Katekista amelinusa lakini ni mtu wa heshima.

Maharage yalikuwa yameshavunwa Madam aliporudi. Wenye mabwawa walikuja kwetu tena, wakakaa barazani na kwenye ngazi, na Mama akatoa chai. Madam alisema kwanza kwamba aliye hai na aliyekufa wamesema jambo moja, kwa hiyo uzi haukudanganya. Akasema alichokipata ni kidogo sana, kidogo kuliko punje ya chumvi kwenye bwawa, na kwamba mtu hawezi kutibiwa wala kulewa kwa kula samaki huyo. "Lakini sitawaambia hakina neno, kwa sababu sijui," alisema. "Samaki akikinywa kila siku, maisha yake yote, sijui kinamfanya nini. Mwenye kujua bado hayupo." Nilimpenda kwa kusema hajui.

Kisha akataja. Kulikuwa na dawa ya maumivu. Kulikuwa na dawa ya kuua vijidudu. "Na hii ya tatu," alisema, "ndiyo iliyoonekana zaidi. Kabamazepini."

Nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina. Neno lile nimelisoma mara nyingi kuliko neno lolote kwenye Biblia. Wewe ndiye uliyenipa karatasi ya vidonge tukiwa njiani, ukaniambia nifanyie mazoezi ya silabi, na mimi nikasoma ka-ba-ma-ze-pi-ni mpaka Busia. Niliinua macho nikamtazama Mama. Mama alikuwa ameshika birika na chai ilikuwa inamwagika nje ya kikombe.

"Hiyo ni ya dada yangu," nilisema. Ilinitoka tu.

Madam akaniuliza uliitumia lini. Nikamwambia mpaka siku ulipofariki, kabla ya mvua zilizopita. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi siyo yake, Taaka," alisema. "Dawa hii haikai ndani ya samaki. Ukimweka kwenye maji safi, baada ya siku chache inamtoka. Hii iliyoonekana ni ya watu wanaoimeza sasa. Mwili hautumii yote. Inayobaki inatoka na mkojo, inaingia chooni, inafika kwenye majitaka ya mji, na kule wanakosafisha haisafishiki kwa urahisi. Inapita. Inafika hapa."

"Watu wa wapi?" niliuliza.

"Wa huu mji wenu. Maji haya hayajavuka mpaka."

"Wangapi?"

"Samaki hahesabu watu. Lakini mtu mmoja hawezi kulifanya bwawa zima liseme."

Ajiambo. Mji ule ule. Mji ambao hukuthubutu kuomba dawa kwenye dirisha lake, ambao tuliupita na kikapu kitupu tukijifanya tunakwenda sokoni. Labda yule fundi cherehani tuliyempita. Labda mwenye boda boda aliyetubeba. Uliniuliza nje ya zahanati kama kuna mwingine, na mimi sikujua. Wapo. Walikuwepo siku ile uliyoniuliza. Kila mmoja amefunga mlango wake na kumeza kidonge chake, akidhani ni yeye tu, na maji yamewakusanya wote na kuwapeleka kwa samaki uliyemlea kwa mkono wako.

Mtu mmoja kwenye ngazi aliuliza, "Hiyo dawa ni ya nini?" Madam alifungua mdomo, lakini Mama aliweka birika chini.

"Ya kifafa," Mama alisema. "Ajiambo alikuwa na kifafa. Haikuwa malaria."

Hakusema kwa sauti kubwa. Baba alikuwa ameinama akitazama gambuti za Madam. Kisha aliinua kichwa akasema, "Ni kweli. Mtoto wetu alikuwa na kifafa, na alikuwa mtoto mzuri." Hakuna aliyesogeza kiti. Nilikuwa nimengoja watu wasogeze viti, dada, kama ulivyoniambia watafanya. Mzee mmoja alisema pole. Mwingine akamalizia chai yake.

Waliamua siku hiyo hiyo. Kijito kitazibwa, mabwawa yatajazwa kutoka kwenye chemchemi ya juu, ile ya kwenye mawe. Ni kazi kubwa. Baba na wenzake wanachimba mfereji sasa, kila baada ya kanisa na kila jioni, na mikono ya Baba ina malengelenge. Maji mapya yakikaa vya kutosha Madam atarudi kumpima Bibi Harusi tena, huyo huyo, mgongo ule ule. Wenye mabwawa wengine wameanza kusema wao pia wapeleke samaki wao wakiwa hai. Kuhusu wakubwa wa mji na majitaka yao, mwenyekiti wa kijiji amekwenda kuzungumza nao. Sitaki kukuahidi kitu hapo.

Nilidhani hilo ndilo la mwisho la kukuambia. Lakini watu walipotawanyika Mama Barasa alibaki. Alikusanya vikombe ambavyo hakuombwa kukusanya. Aliviosha, akavipanga, akaviosha tena. Ule mdomo wake wote, dada, ulikuwa umefungwa. Mwishowe alimkaribia Mama, akauliza bila kumtazama, "Mama Ajiambo. Mtoto alikuwa anapata wapi hiyo dawa?"

Mama alimwangalia. Alielewa, nami nilielewa. Mama Barasa ana binti mdogo, Nabwire, ambaye hatumwoni akicheza na wenzake, na tulikuwa tumezoea kuambiwa ni mwoga wa jua.

"Alikuwa anavuka," Mama alisema. "Lakini hapa kwetu pia ipo. Si umesikia?"

Mama Barasa alikaa chini pale pale kwenye sakafu iliyolowa, akalia. Mama akakaa kando yake. Niliwaachia.

Dada yangu, nakuaga hapa, maana mwanga wa dirishani umekwisha na bado sijateka maji. Nakuahidi neno moja. Kesho hatuna shule. Mama Barasa ameniomba nimsindikize na Nabwire kwenye zahanati ya upande wetu, kwa sababu anasema yeye akifika dirishani atatania tu na kurudi. Sitachukua kikapu. Nitamshika Nabwire mkono, tutapita katikati ya mji na jua likiwaka, na tukiulizwa mtoto ana nini nitajibu kwa sauti ambayo wa nyuma kwenye foleni ataisikia. Huenda akawa ni mmoja wao.

Pumzika, Ajiambo. Hukuwa peke yako.

Mdogo wako akupendaye,
Taaka